Pikipiki Imegoma Baada ya Sevisi? Usikimbilie Kupasua Injini!

Leo tunayaweka kando mambo ya mapenzi na viwalo, tunaingia gereji. Na wewe sista, tafadhali usigeuze ukurasa. Siku hizi hata nyinyi mnaendesha, na pikipiki ikiamua kumuumbua mtu mbele ya majirani haiangalii kama amevaa suruali au gauni.

Mambo yenyewe ni haya. Masika ikitia timu mwezi wa tatu, mitaa mingi ya Dar inageuka mito. Mwenye pikipiki ya zamani, hasa ile aliyoachiwa na dingi, anaona bora aipumzishe. Anaivuta uani, anaitupia turubai, anapanda daladala kama sisi wengine. Mvua zikikatika anaikumbuka, na safari hii anaifanyia sevisi ya nguvu: oili mpya, plagi mpya, kabureta inasafishwa, tanki linapigwa rangi mpaka unajiona kama kwenye kioo. Anaitoa nje kwa madaha, watoto wamejaa, anapiga kiki. Kimya. Anapiga tena. Kimya. Ya ishirini, jasho chapachapa, na watoto wameshaanza kucheka.

Usidhani ni mkosi wa Uswahilini peke yake. Wenzetu wa Ulaya huzifungia pikipiki zao wakati wa baridi, wakazitoa majira ya joto yakikaribia, na wao pia hupiga kiki ikawa kimya vilevile. Chuma hakijui bara.

Kasheshe inaanzia hapo. Kijiweni kila mtu ni fundi. Huyu anasema koili, yule anasema ringi, mwingine ambaye hata baiskeli hana anasema injini imekufa. Ukiwasikiliza wote, wiki ikiisha umenunua nusu ya pikipiki mpya na ile ya zamani bado haijawaka.

KILICHOLALA NA KILICHOGUSWA

Ukikumbuka jambo moja tu katika safu ya leo, likumbuke hili: injini haichakai ikiwa imelala. Ringi zinakwisha kwa kazi, pistoni inakwisha kwa kazi. Kama pikipiki yako iliingia uani ikiwaka vizuri, basi wakati wa kutoka kuna washukiwa wawili tu wa kuanza nao. Wa kwanza ni kitu kilicholala mpaka kikaharibika, kama petroli. Wa pili ni kitu kilichoguswa wakati wa sevisi. Na huyu wa pili ndiye mwenye makosa mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukubali, kwa sababu hakuna anayetaka kuamini kwamba ameharibu wakati anatengeneza.

Mtaani kwetu kuna kijana mmoja, jina tuliache. Dingi wake alikuwa bwana shamba, na alipostaafu alirudi mjini na Honda CG125 nyekundu ya miaka mingi. Kijana alikuwa amepata kibarua cha kupeleka mizigo kwa wateja, sharti awe na usafiri wake na aripoti Jumatatu. Akaifanyia sevisi, tanki akalipeleka kupigwa rangi, akalirudisha. Pikipiki ikagoma.

Fundi wa kwanza akambadilishia plagi. Wa pili akamuuzia koili. Wa tatu akakunja uso kama daktari mwenye habari mbaya, akasema injini haina nguvu tena, ipasuliwe, iwekwe pistoni na ringi mpya. Bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na bei ya kuiuza pikipiki yenyewe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaanza kupitapita. Mzee mwenye mali alikaa barazani bila kusema neno, akiitazama tu.

Jumamosi jioni akaletwa fundi mmoja mtu mzima. Kijana akamsalimu, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Kabla sijashika spana, niambie, mara ya mwisho nani aligusa nini?" Kijana akahesabu: oili, plagi, tanki. "Tanki lilitoka?" Lilitoka. Mzee akalinyanyua tanki, akamulika tochi. Waya mweusi wenye mstari mweupe ulikuwa umebanwa kati ya tanki na fremu, ngozi yake imechanika, shaba inagusa chuma. Ule ndio waya wa kuzimia injini. Ukigusa bodi, umeme wote wa plagi unaishia chini, ni sawasawa na mtu ameshikilia swichi ya kuzima kutwa nzima. Mzee akaufunga kwa selotepu ya umeme, akaupitisha mahali pake. Kiki ya tatu, ngoma ikaitika. Pistoni haikuwa na kosa lolote.

Unaona mwenyewe kilichokuwa hatarini: kibarua, urithi na heshima ya mzee, vyote vimeshikwa na waya mmoja.

MASHINE YENYEWE

Tubaki na hiyohiyo CG125, maana ndiyo mwalimu mzuri. Honda waliitoa mwaka 1976. Kabla ya kuichora, wahandisi wao walikwenda kuangalia jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki: mizigo kupita kiasi, vumbi, oili haibadilishwi mpaka iwe lami. Kwa hiyo wakaipa injini ya valvu zinazosukumwa na fito badala ya cheni ya juu, kitu kinachovumilia uzembe. Nyingi za pikipiki za Kichina za CC 125 na 150 unazoziona mtaani zimefuata injini hiyohiyo. Ukiielewa CG, umeshaelewa nusu ya bodaboda za mjini.

Sasa twende hatua kwa hatua. Fuata mpangilio, usiruke. Siri ni kuanza na cha bure na kumalizia na cha ghali.

KWANZA: CHA BURE

Angalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani. Usicheke! Ikifutwa vumbi kwa kitambaa inajisukuma yenyewe, na wako watu wameshasukuma pikipiki kilomita mbili kwa sababu yake. Angalia koki ya mafuta kama imefunguliwa. Angalia kama bomba la mafuta halijajikunja baada ya tanki kurudishwa. Injini ikiwa baridi, vuta choki. Kama uko Njombe au Makete mwezi wa saba, bila choki utapiga kiki mpaka uitwe kula chakula cha mchana.

Halafu chungulia kwenye ekzosi na kwenye chujio la hewa. Pikipiki iliyolala miezi mitatu ni nyumba ya bure. Panya anaweka matambara ndani ya boksi la chujio, nyigu anajenga kwa udongo kwenye tundu. Injini isiyopumua haiwaki, hata uiombee dua. Na kama chujio ni la sponji na limelowekwa oili baada ya kuoshwa, likamue vizuri. Likichuruzika, hewa haipiti.

Na betri? Kwenye CG za zamani, umeme wa plagi unatoka kwenye magineti, hautoki kwenye betri. Betri ikiwa imekufa, honi na indiketa zitalala, lakini kiki inatakiwa iwashe. Kwa hiyo anayekwambia ununue betri ili CG yako ya kiki iwake, anakuingiza mkenge.

PILI: IULIZE PLAGI

Piga kiki kama kumi, kisha fungua plagi uitazame. Plagi haisemi uongo kama mafundi wa kijiweni.

Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Tatizo liko kwenye tanki au kabureta. Achana na umeme kwa sasa.

Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika. Basi ama hakuna cheche, ama umeizidishia injini mafuta kwa kupiga kiki na choki imevutwa.

Ili kuona cheche, irudishe plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye bodi ya injini, piga kiki. Cheche ya bluu inayolia tak! tak! ni nzuri. Ya manjano iliyonyongea ni dhaifu. Usiache plagi ikining'inia hewani, na shika kwa mpira mkavu, la sivyo utapigwa shoti itakayokukumbusha madeni yako yote.

Hapa naomba tusikilizane kwa makini. Tundu la plagi linatoa mvuke wa petroli unapopiga kiki. Funga koki, weka plagi mbali na tundu, fanya kazi nje penye hewa, na usijaribu cheche mahali ulipotoka kumwaga mafuta. Mshikaji mwenye sigara mwambie akasimame ng'ambo ya barabara. Pikipiki inanunuliwa nyingine, uso haununuliwi.

TATU: HAKUNA CHECHE

Usikimbilie dukani. Chomoa kwanza ule waya mweusi wenye mstari mweupe unaokwenda kwenye swichi. Cheche ikirudi, basi swichi imekufa au waya umegusa bodi mahali fulani. Umemaliza bila kutoa hata shilingi.

Isiporudi, zungusha kofia ya plagi uitoe kwenye waya wake, kata kipande kidogo cha ncha iliyooza, irudishe kwa kuisokota mpaka ikaze. Jaribu plagi nyingine inayojulikana kuwa nzima. Hata plagi mpya inaweza kuwa mbovu, na mjini feki ni nyingi kuliko orijino. Nafasi ya ncha za plagi ya CG ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kama ilidondoka chini ikajibana, hapo hakuna cheche.

CG za mwanzo zina pointi, zile za baadaye zina kiboksi cha umeme. Pointi zikilala kwenye unyevu zinaota ukungu mwembamba usiouona. Pitisha msasa laini mara mbili tatu, futa kwa karatasi safi, kisha hakikisha zikifunguka zinaacha nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Kwa zenye kiboksi, hakikisha soketi zake zimeingia mpaka mwisho na waya wa bodi umekazwa. Baada ya hayo yote ndipo uwaze koili au kiboksi. Na kabla ya kununua, azima cha rafiki ukijaribu.

NNE: MAFUTA HAYAFIKI

Petroli nayo huzeeka. Sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto haraka, ndiyo inayotangulia kuruka hewani. Inayobaki inakuwa nzito, inanuka kama vanishi, na kwenye kabureta inaacha utando. Tundu la jeti ndogo, linaloilisha injini wakati wa kuwaka, lina upana chini ya nusu milimita. Utando kidogo tu, limeziba.

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa nyeupe, ilegeze. Kwanza yatoke yaliyomo bakulini, halafu na koki ikiwa wazi yaendelee kutiririka. Yakikatika, tatizo liko juu: koki, chujio la koki, au tundu la hewa la kifuniko cha tanki. Hilo tundu la kifuniko hufunikwa sana na wapiga rangi. Dalili yake ni kwamba pikipiki inawaka dakika chache halafu inakufa, ukifungua kifuniko inawaka tena.

Iangalie ile chupa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini kama shanga. Baada ya masika usishangae kuyakuta. Mwaga yote, weka petroli mpya. Na tafadhali usiimwage mtaroni. Kuna mtu atapita na kijinga cha moto.

Ukifungua kabureta, kabla hujaitoa ile skrubu ya hewa ifunge taratibu ukihesabu mizunguko, uandike. Ndiyo ramani yako ya kurudia. Jeti usiichokoe kwa waya, utaipanua na pikipiki itakunywa mafuta kama ngamia. Mpelekee mtu wa pancha, mwombe akupulizie upepo. Wakati wa kurudisha, angalia kama mpira wa duara kati ya kabureta na injini umerudi mahali pake. Ukisahaulika au ukichanika, injini inavuta hewa ya wizi na haiwaki.

TANO: NGUVU YA INJINI

Cheche ipo, mafuta yapo, bado kimya? Funga koki, zima swichi, toa plagi, ziba tundu kwa dole gumba, rafiki apige kiki. Upepo unatakiwa uling'oe dole lako. Usipong'oa, usipige kelele ya ringi bado. Uliza: kwenye sevisi valvu ziliguswa? Fundi akizikaza kupita kiasi, hazifungi, na upepo wote unatorokea hapo. Kwa CG nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa imepoa kabisa. Hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya kuandikia, kwa hiyo haipimwi kwa jicho, inapimwa kwa fila geji, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga. Mwenye tustroku hana valvu za kuseti, yeye aruke hapa.

Kama valvu ziko sawa na dole bado linakaa kwa raha zake, sasa ndiyo, mruhusu fundi afungue injini. Utakuwa umemruhusu kwa sababu umeona, si kwa sababu ametikisa kichwa.

IKIWA IMELEWA MAFUTA

Ukisikia harufu kali ya petroli na plagi imelowa, injini imelewa tu. Rudisha choki, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mara kadhaa hewa iingie. Au toa plagi, ikaushe, subiri dakika kumi unywe maji. Kuisukuma mtaa mzima na washikaji watano haisaidii. Kama haina cheche hapa, haina cheche hata mkifika Kibaha.

KUHUSU MAFUNDI

Sisemi mafundi ni wezi. Wako mafundi wa ukweli, wenye masikio ya kusikia ugonjwa kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini fundi mzuri anakuuliza kabla ya kufungua, na anakuonyesha kabla ya kukulipisha. Ukimwambia, "Fundi, naomba nione cheche kwanza," atakuonyesha na kukuheshimu. Akikasirika, beba chombo chako, shukuru, ondoka. Kifaa cha zamani kilichotolewa mwombe akurudishie. Mara nyingi kile cha zamani kilikuwa kizima.

Na wewe unayejifanyia sevisi mwenyewe, chukua kidaftari. Kila unachokifungua kiandike, na kila unachokirudisha kitie alama. Gusa kitu kimoja, washa, kisha gusa kingine. Ukigusa vitano kwa mpigo halafu ikagoma, umejitengenezea washukiwa watano.

Mwakani masika ikibisha hodi, kabla ya kutupia turubai funga koki, iache injini ikiunguruma mpaka ijizimie yenyewe kabureta ikiwa tupu, ziba ekzosi kwa tambara, na tambara hilo lifunge kwenye usukani kwa uzi mrefu ili usilisahau. Kazi ya dakika kumi, ina thamani ya wiki nzima ya kusukuma.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu laini: mwenye nyumba anayepandisha kodi kila ukinunua fulana mpya. Mpaka hapo, vaa helmeti, punguza mbwembwe. Chao!